Bucha la babu lilianza lini, na kwa nini duka lilikufa?

*Swali la msomaji:* Shikamoo. Babu yetu mzaa baba alikuwa na bucha na duka la vyakula Ngamiani, Tanga, mlango kando ya mlango. Alifariki zamani, baba akaendesha. Sasa baba ana miaka 79 na kumbukumbu inamponyoka. Bucha lipo hadi leo. Duka lilifungwa katikati ya safari na halikufunguliwa tena. Nimepata sanduku la madaftari, risiti na mizani ya zamani, na nataka kuwaandikia wanangu na binamu zangu historia ya biashara hii. Shangazi anasema ilianza 1948. Baba anasema "miaka miwili mitatu kabla ya Uhuru". Nimwamini nani? Na kwa nini duka life, bucha lipone?

*Jibu:*

Marahaba. Yawezekana kabisa wote wawili wanasema kweli. Wachuuzi wa nyama wa kizazi cha babu yako kwa kawaida hawakuanza na fremu. Watu wawili au watatu walichanga pesa, wakanunua ng'ombe mmoja, wakagawana, kila mmoja akauza fungu lake mezani sokoni au akalipitisha mitaani kwenye beseni. Mlango wenye kufuli ulikuja baadaye, leseni yenye jina lake ikachelewa zaidi. Huenda shangazi anahesabu tangu babu alipoanza kuuza nyama, na baba anahesabu tangu mlango ulipofunguliwa. Kwa hiyo usitafute tarehe moja, tafuta nne: alipoanza kuuza, alipopata mlango, alipopata leseni, na vyakula vilipoingia kando ya nyama. Ukiziandika kama kitu kimoja, ndugu watabishana miaka yote na hakuna atakayeshinda.

Anza na baba, wiki hii. Sanduku litakusubiri, yeye hapana. Kaa naye asubuhi akiwa hajachoka, nusu saa au dakika arobaini, simu ikiwa mezani inarekodi kwa ruhusa yake. Usimuulize "mwaka gani?" Mtu akiulizwa mwaka hubuni mwaka ili asikuangushe. Muulize ratili moja ya nyama ilikuwa bei gani alipoanza kusimama bucha. Muulize nani alileta ng'ombe, walitoka mnada gani, walikuja kwa miguu au kwa lori. Nani alishika ufunguo wa droo ya pesa. Yeye alikuwa darasa la ngapi mlango wa pili ulipofunguliwa. Mpe jiwe la mizani mkononi, au daftari lenye mwandiko wa babu, kisha nyamaza. Mikono ya muuza nyama hukumbuka mambo ambayo mdomo umeyasahau.

Mwaka utaupata kwa kuegemeza jibu lake kwenye jambo ambalo tarehe yake inajulikana: Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967, mpaka wa Kenya kufungwa Februari 1977, vita vya Kagera 1978 hadi 1979, kifo cha Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, Mzee Mwinyi kushika nchi mwishoni mwa 1985. "Hii ilikuwa kabla au baada ya mpaka kufungwa?" ni swali ambalo hata kumbukumbu iliyochoka hulijibu.

Shangazi mhoji peke yake, na bibi kama yu hai. Ukiwakalisha pamoja, wa kwanza kutaja mwaka atawavuta wengine wote. Nakusihi sana usiwaache wanawake nje ya historia hii. Katika biashara za namna hii wao ndio waliosafisha matumbo, waliofunga sukari na chumvi kwenye karatasi, na waliojua nani analipa na nani halipi. Jina lao halimo kwenye leseni, lakini mara nyingi mwandiko wao umo kwenye daftari.

Sasa sanduku. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, kwa hiyo usiliweke juani wala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukiona vumbi la wadudu kwenye jalada, funga daftari kavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, liweke kwenye friza kwa wiki nzima, kisha litoe na uache mifuko imefungwa siku moja mpaka lipate joto sawa na la chumba. Ukifungua mapema, jasho la baridi litaingia kwenye karatasi. Kurasa zilizogandana usizibandue kwa kisu. Usipige laminesheni, usitumie gundi ya utepe, usiandike kwa kalamu ya wino. Weka namba ya ukurasa kwa penseli pembeni, chini. Piga picha kila ukurasa kando ya dirisha asubuhi bila mwako wa kamera, hata kurasa tupu, na majalada ndani na nje. Bei za jumla na majina ya madereva mara nyingi zimeandikwa nyuma ya jalada.

Kuna mitego mitatu ya kusoma. Wa kwanza ni maandishi: wafanyabiashara wengi wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa mwenye umri atakusaidia, lakini kaa naye, kwa sababu tarakimu hupotosha: tano ya Kiarabu (٥) inafanana na sifuri yetu, sita (٦) inafanana na saba, na sifuri yao ni nukta tu. Hesabu ya 50 ikisomwa vibaya inavuruga ukurasa mzima. Risiti za muuza jumla Mhindi zinaweza kuwa za Kigujarati. Wa pili ni pesa: "2/50" si sehemu, ni shilingi mbili na senti hamsini, na "sumni" ni senti hamsini. Wa tatu ni vipimo. Ratili ni gramu 454, yaani kilo moja ni ratili 2.2. Frasila ni kama kilo 16. Pishi ni vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu au zaidi kidogo kulingana na nafaka. Debe ni lile la galoni nne, lita 18.

Karatasi zisizo na tarehe nazo husema. Stempu yenye kichwa cha Mfalme George wa Sita iliyobandikwa kwenye risiti na kusainiwa juu yake inakupeleka kwenye enzi zake, naye alifariki Februari 1952. Stempu za zamani ziliendelea kutumika muda kidogo, kwa hiyo usiikaze mno. Risiti iliyochapwa "Tanganyika" ni ya kabla ya Muungano wa Aprili 1964, au kitabu cha risiti kilichokuwa hakijaisha. Noti na hesabu za shilingi ya Tanzania ni kuanzia 1966. Leseni inayotaja sheria ya leseni za biashara ya 1972 haiwezi kuwa ya kwanza kama biashara ni ya miaka ya hamsini, kwa hiyo usiiandike kama mwanzo. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: familia inakuta leseni ya zamani kuliko nyingine *iliyobaki*, inaiita cheti cha kuzaliwa cha duka.

Kisha geuza mawe ya mizani chini juu. Mengi ya aina ya Kiingereza yana kishimo kilichojazwa madini ya risasi, na juu ya risasi hiyo mkaguzi wa vipimo aligonga alama yake kila alipoyapitisha, mara nyingi pamoja na tarakimu za mwaka. Safisha kwa mswaki mkavu tu. Usisugue kwa mchanga wala steelwire, utafuta ushahidi wenyewe. Pindisha jiwe kwenye mwanga wa pembeni ndipo mikwaruzo itakapojitokeza kuwa herufi. Mawe ya ratili na ya kilo yakiwa kwenye sanduku moja, ujue babu alivuka na nchi kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, na tafuta ukurasa wa daftari ambapo ratili inakoma. Na kama gogo la kukatia nyama bado lipo, lipige picha leo. Mamlaka zimekuwa zikihimiza msumeno wa umeme badala ya gogo na shoka, na magogo yanaishia kuwa kuni. Bonde lililochimbika upande mmoja wa gogo ni kazi ya miaka, na linaonyesha mkataji alisimama wapi.

Ukianza kulisoma daftari la nyama, pima kwanza kama lina akili. Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 akiwa hai hutoa takriban nusu, yaani kilo 125 za nyama na mfupa, karibu ratili 275. Ikilala usiku mmoja ikining'inia hupungua kama asilimia 2 kwa kukauka. Kwa hiyo jumlisha mauzo ya siku kwa ratili. Yakikaribia 270, babu alichinja ng'ombe mzima peke yake. Yakicheza kwenye 130 kwa miezi, alikuwa bado anagawana na mwenzake, na mwezi ambao hesabu inapanda mara mbili ndio mwezi mtaji wake ulipokomaa. Hiyo ni tarehe kubwa kuliko ya kufungua mlango, na hakuna mtu atakayekuwa anaikumbuka.

Angalia pia mistari midogo: kichwa, miguu, matumbo, ini, ngozi. Wauza nyama wanajua kwamba mara nyingi nyama inarudisha pesa ya ng'ombe, na faida inakaa huko kwingine. Ngozi ina historia yake: iliyowambwa kwenye fremu ya miti na kukaushwa kivulini ilipata daraja na bei nzuri kuliko iliyotandazwa chini juani, kwa sababu ya chini huoza upande mmoja na kuungua upande wa pili. Ukiona bei ya ngozi imepanda ghafla, muulize baba ni nani aliyejenga fremu uani.

Hapa ndipo swali lako la pili linapoanzia. Bucha na duka havikuwekwa pamoja kwa bahati. Nyama hailali, hasa bila barafu. Lazima iuzwe leo kwa pesa taslimu. Sukari, mchele, unga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vinalala, na ndivyo vinavyokopwa. Bucha lilileta pesa ya kila siku, duka likashika wateja kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Na Tanga mwisho wa mwezi ulikuwa wa mkonge. Kibarua wa shamba alilipwa kipande, yaani kadi yake ya kazi, kikijaa siku 30 za kazi, kwa hiyo malipo hayakuangukia siku moja kwa wote. Daftari la deni likionyesha malipo yametapakaa kwenye tarehe mbalimbali, wateja ni watu wa kipande; yakijazana siku mbili tatu za mwisho wa mwezi, ni watu wa reli, bandari na ofisi. Kutoka hapo unaweza kujua duka lililisha nani, bila kumuuliza mtu yeyote.

Upande wa pili, duka nalo lilikula kwa deni. Kama babu alihesabiwa Mwafrika na serikali ya kikoloni, sheria ya mwaka 1931 ya kubana mikopo kwa "wenyeji" ilimfungia mlango: mfanyabiashara aliyemkopesha bila kibali hakuweza kumdai mahakamani. Kilichobaki kilikuwa mali kauli, yaani muuza jumla anakupa mzigo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Tafuta kwenye risiti nani alikuwa muuza jumla huyo na nani alimdhamini babu mara ya kwanza. Bila jina hilo hujapata mwanzo wa duka.

Sasa fuata mzigo, mwaka kwa mwaka, utaliona duka likiugua. Tanganyika ilifikia kilele cha mkonge mwaka 1964, takriban tani 230,000, kisha bei ya dunia ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Vibarua wakapungua, deni likawa gumu kulipika. Mwaka 1967 makampuni makubwa ya jumla yakataifishwa na biashara yao ikawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 STC ikavunjwa, zikaja kampuni za biashara za mikoa, RTC, na mwaka huohuo Tume ya Bei ikaanza kupanga bei za bidhaa. Kwa duka la mtaani maana yake ilikuwa hii: yule aliyempa babu mali kauli hayupo tena, mahali pake pana ghala la serikali linalotoa mgao kwa pesa mkononi, na bei ya kuuzia imeshaandikwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa kwa amri ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Vijijini ilipiga zaidi kuliko mjini, na serikali ikaisimamisha baada ya miezi kadhaa, lakini mwenye duka aliyeona jirani anafungiwa hakuagiza mzigo kwa moyo uleule.

Kwa Tanga kulikuwa na pigo la ziada. Mpaka ulifungwa Februari 1977 hadi Novemba 1983, na Mombasa, iliyokuwa karibu kuliko Dar es Salaam, ikawa ng'ambo ya ukuta. Sabuni na mafuta ya kupikia kutoka huko vikawa magendo. Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, foleni zikarefuka, watu wakala unga wa njano walioupachika jina la unga wa Yanga. Kisha Machi 1983 msako wa wahujumu uchumi ukaanza. Mtu mwenye katoni chache za sabuni stoo aliweza kuitwa mlanguzi. Wako waliotupa mali usiku ili isikutwe kwao. Ukikuta daftari la duka linakatika katika mwezi wa nne au wa tano mwaka huo, kurasa zikiwa zimechanwa, usiseme "walizembea". Muulize baba kwa upole, mkiwa wawili tu. Familia nyingi hazijawahi kulizungumza jambo hilo kwa sauti, na anaweza kukataa. Akikataa, andika kwamba daftari linaishia hapo, na umwachie heshima yake.

Bucha liliponea kwenye njia ileile lakini kwa mzigo tofauti. Bei ya nyama nayo ilipangwa, lakini ng'ombe hakutoka kwenye ghala la RTC. Alitoka kwa mfugaji na mnadani Handeni na kwingineko, akaja kwa miguu yake mwenyewe. Hakuhitaji fedha za kigeni. Hakuhitaji kufichwa stoo, kwa sababu kesho hayupo. Muuza nyama alikuwa na njia ya kuishi ndani ya bei ya serikali: kuongeza mfupa kwenye mizani, kumwekea steki mteja wa siku zote, na kushikilia faida ya ngozi na matumbo. Utaiona kwenye daftari: mauzo ya nyama kwa uzito hayashuki sana, lakini safu ya "steki" inatoweka kwenye maandishi. Haikutoweka buchani.

Basi kwa nini duka halikufunguliwa bajeti ya Juni 1984 ilipoanza kulegeza biashara, na ruksa ya Mzee Mwinyi ilipokuja? Hapa sitakupa jibu la jumla, kwa sababu limo kwenye sanduku lako, na kwa kawaida ni moja kati ya mambo matatu. Huenda mtaji wa duka ulikuwa umeshahamia kwenye bucha au shule za watoto. Linganisha daftari la 1982 na la 1986 uone pesa ya nyama ilikwenda wapi. Huenda deni lililokuwa kwa wateja lilikuwa limekufa: shilingi iliposhuka thamani, deni la 1980 likilipwa 1986 halinunui hata robo ya mzigo uleule. Au fremu yenyewe iliondoka. Hilo la tatu usilipite. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kama mlango mmoja ulikuwa kwenye jengo la namna hiyo na mwingine kwenye nyumba ya familia, historia zake zinagawanyika hapo. Tafuta risiti za kodi: jina la anayepokea likibadilika kutoka mtu kwenda ofisi, umepata nusu nzima ya jibu. Uliza pia kama kuna aliyelipa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa fremu, kuchukua mlango ule.

Nje ya nyumba, nenda sehemu tatu. Mahakama iliyoshughulikia mirathi ya babu inaweza kuwa na jalada lenye orodha ya mali: mizani, friji, mifugo, madeni, kila kitu siku ile. Uwe na jina lake kamili, mwaka wa kifo na barua ya msimamizi wa mirathi kama ipo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, wana majalada ya wilaya na jimbo la Tanga ya enzi ya Mwingereza. Omba yanayohusu masoko, machinjio na leseni, usiombe jina la babu, kwani majalada hayakupangwa kwa majina ya watu. Na makumbusho ya Urithi Tanga wana picha za mji ambazo zinaweza kukuonyesha barabara yenu ilikuwaje kabla ya mabati mapya.

Jambo moja nalisisitiza kabla hujachapa. Daftari la deni lina majina ya watu, na wajukuu wao ni majirani zenu. Andika kiasi, andika bidhaa, andika kazi ya mdaiwa kama inajulikana, lakini jina liache, hata kama deni halikulipwa kamwe. Picha za kurasa hizo zihifadhi kwa familia tu, nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Na kwenye kitabu, kila tarehe iandikie imetoka wapi: "kwa shangazi", "kwa risiti", "kwa jiwe la mizani", ili binamu atakayepata karatasi nyingine miaka ijayo ajue arekebishe wapi.